Kiguu na Njia Hatoki Leo

Inspekta alipoingia, mlango ulijifunga nyuma yake kwa mlio mdogo, na meneja akamwambia kwa fahari kwamba sasa hata yeye hatoki. Mlango ule ulifunguka kwa kadi tu, na kadi zote alikuwa amezikusanya na kuzitia mfukoni mwake, na humo zingekaa mpaka pasipoti iliyopotea ipatikane. Inspekta, mwanamke mfupi wa kimo na mfupi zaidi wa subira, alimtazama vizuri. Kazi ilikuwa imemfundisha kwamba mtu anayefunga milango kwa furaha namna ile huwa ameshaamua mwizi ni nani.

Kituo cha kupokea maombi ya viza kilikuwa ukumbi mmoja mrefu, ghorofa ya tatu. Upande mmoja kulikuwa na madirisha ya huduma, katikati viti vya chuma vilivyounganishwa, na mwisho kabisa kona ya mpiga picha, imezibwa kwa pazia. Vioo vya nje havikufunguka, vilijengwa hivyo. Kiyoyozi kilikuwa kimekata tamaa tangu asubuhi na sasa kilipuliza hewa ya moto. Kuta zote zilijaa picha kubwa za maporomoko ya maji, milima inayotema moto na nyanda za barafu, na chini ya kila picha maneno yaleyale: Dunia inakusubiri. Watu waliofungiwa humo tangu mchana walikuwa wakijipepea kwa fomu zao. Dunia iliwasubiri, na wao walisubiri ruhusa ya kwenda msalani.

Kwenye benchi kando ya mlango aliketi mlinzi wa kituo, kijana mwenye sare iliyopigwa pasi vizuri, mikono yake ikiwa na pingu. Koplo wa Inspekta ndiye aliyetangulia kufika, na meneja alikuwa amemshawishi amfunge haraka.

Meneja alieleza kisa chote kwa pumzi moja. Mchana ule alikuja mteja wao maarufu, mzee ambaye watu wote walimwita Kiguu na Njia. Kazi yake ilikuwa kuwapeleka wapenda hatari mahali ambapo watu wenye akili timamu hupaangalia kwenye televisheni. Jioni hiyohiyo alitakiwa kupanda ndege na wasafiri wake kwenda kuvuka mto wa barafu. Walikuja wote pamoja kuchukua pasipoti zao zenye viza. Mzee alipewa yake dirishani, akaitia mfukoni, na kabla hajatoka ukumbini ikawa haipo.

Ubalozi ulitakiwa kuarifiwa kabla ya ofisi kufungwa, na ukishaarifiwa viza inafutwa papo hapo. Taarifa hiyo ilihitaji jina la mtuhumiwa.

“Jina ninalo,” meneja alisema, akielekeza kidevu kwenye benchi.

Ilikuwa Ijumaa. Jina likiandikwa, gari la mahabusu lingempitia kijana jioni, naye angelala ndani mpaka Jumatatu akisubiri hakimu. Baada ya hapo hata kama angeachiwa, nani angempa lango alinde mtu aliyewahi kushikwa kwa wizi langoni? Hata banda la kuku wangemnyima. Inspekta aliomba aonyeshwe kamera.

Ofisini kwa meneja walitazama. Kiguu na Njia alionekana amesimama dirishani, mrefu, mwembamba, amevaa koti jeusi. Kwenye dirisha la pili alisimama binti yake, ambaye meneja alisema huwa haachani naye safarini. Mzee alitia saini, akapokea pasipoti, akaifungua, akaubusu ukurasa wa viza, akaitia mfuko wa ndani wa koti, upande wa kushoto. Hapo meneja alisimamisha picha. Akairusha mbele mpaka mlangoni, ambapo mzee na mlinzi walikuwa wamekumbatiana.

“Mkono ule,” meneja alisema. “Tazama mkono ule, Afande.”

Inspekta aliutazama. Ulikuwa mgongoni kwa mzee, kama mikono inavyokuwa watu wanapokumbatiana. Meneja alimwambia kwamba ndivyo wanavyofanya hao walinzi, wanakukumbatia huku wanakukamua. Hakuna mtu mwingine aliyemgusa mzee baada ya dirishani, na hilo Inspekta hakuweza kulipinga.

Alirudi kwenye benchi akakaa karibu na mlinzi. Kijana alijibu maswali bila kuinua macho. Mzee alikuwa ndiye mteja pekee anayemsalimia na kungoja ajibiwe. Kila akirudi kutoka huko anakokwenda humletea kadi yenye picha ya mahali alipokuwa, na mlinzi huzibandika chumbani kwake. Yeye mwenyewe hajawahi kutoka nje ya mji. Leo alimkumbatia kumtakia safari njema, mzee akamwambia ngoja nikuonyeshe viza yangu, akaingiza mkono mfukoni, akakuta hakuna kitu.

“Na ni yeye aliyesema umemwibia?”

“Hapana. Yeye alicheka tu, akajipapasa. Aliyesema ni meneja.” Mlinzi aliinua mikono yenye pingu. “Kama nimeiba, Afande, nimeipeleka wapi? Mlango ninaufungua mimi, na sikuufungua. Wamenivua mpaka viatu.”

Hoja hiyo ilikuwa na uzito kuliko video ya meneja. Kama mlango haukufunguliwa, pasipoti ilikuwa bado ndani, iwe imeibwa na mlinzi au na mwingine yeyote. Inspekta aliamuru msako uanze upya na ufanywe inavyotakiwa. Koplo alipekua wanaume, yeye akapekua wanawake. Waliangalia mabegi, mapipa ya taka, matangi ya maji msalani, chini ya viti na nyuma ya picha za maporomoko. Watu walinung’unika, lakini walinyoosha mikono.

Mmoja tu alikataa. Alikuwa daktari wa meno, mnene, mmoja wa wasafiri wa Kiguu na Njia, ambaye alikuwa amekuja tayari na buti nzito za kutembelea barafuni. Alisema buti zile zina kazi kuzifunga, hazivui. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye ukosi. Inspekta alisimama mbele yake, akakunja mikono, na daktari mwishowe akainama. Ndani ya buti la kulia kulikuwa na pasipoti.

Ukumbi wote ulishusha pumzi. Meneja alishaanza kukimbilia simu. Inspekta aliifungua akakuta uso wa daktari mwenyewe unamtazama. Alikuwa ameificha humo, alieleza kwa aibu, aliposikia kuna mwizi. Koplo aligeukia ukutani ili asionekane anacheka.

Basi akabaki mzee mwenyewe. Kiguu na Njia alikuwa ameketi karibu na pazia la mpiga picha, koti lake jeusi amelilaza magotini, na binti yake pembeni. Binti alikuwa mwanamke aliyekaribia miaka arobaini, mtulivu, anashona. Mzee alimpokea Inspekta kama mgeni wake nyumbani, akamwondolea begi kwenye kiti, akamuuliza kama na yeye ameshapata viza yake. Inspekta alimwambia yeye ni polisi. Mzee alicheka akasema polisi pia husafiri.

Alikuwa na sauti inayomfanya mtu asogee karibu. Alimweleza kuhusu mto wa barafu, jinsi unavyolia usiku unapopasuka, na jinsi theluji inavyofunika nyufa mpaka huoni tofauti kati ya njia na kaburi. Kule, alisema, hakuna ramani inayodumu, kwa sababu nyufa zinahama. Njia iko kichwani kwa anayetangulia, na wote nyuma yake wamefungwa kwenye kamba moja. Wasafiri wawili watatu walikuwa wamesogea kumsikiliza, na kwa muda mfupi walisahau joto.

Inspekta alimuuliza watashukia mji gani. Mzee alifungua mdomo, akasita. Binti alitaja mji huo bila kuinua macho kwenye sindano, na mzee akaendelea.

Kuhusu pasipoti hakuwa na la kusaidia. Aliitia mfuko wa ndani, wa kushoto, alikoitia tangu ujana wake. Hakumshuku mlinzi hata kidogo, yule ni kijana wake. Inspekta alipekua koti la magotini. Mfuko wa kushoto ulikuwa mzima, hauna tobo. Ndani yake kulikuwa na miwani na pipi.

“Na koti hilo unaloshona ni la nani?” alimuuliza binti.

Binti alisema ni la mpiga picha. Ubalozi unataka picha za watu waliovaa koti jeusi, na wengi huja na fulana, kwa hiyo kuna koti moja la kituo ambalo kila mtu huvaa, anapigwa picha, analivua. Aliona bitana yake ya ndani imechanika, na kwa kuwa wamefungiwa na hawana la kufanya, akaona alishone. Sindano na uzi huwa navyo daima, kwa ajili ya mahema. Inspekta alimwambia amefanya wema, na kweli aliona hivyo. Alipoinuka, Kiguu na Njia alimshika mkono kwa upole, akamuuliza kama na yeye ameshapata viza yake. Inspekta alidhani mzee anamtania.

Alisimama katikati ya ukumbi. Jua lilikuwa limehama, sasa lilipiga moja kwa moja kwenye vioo, na mtoto mmoja alikuwa analia kilio kile cha kuchoka kisichosimama. Kila mtu alikuwa anatazama mlango. Inspekta aliwapitia uso baada ya uso kama alivyozoea, na akaona kwamba binti wa mzee hatazami mlango. Alitazama saa ya ukutani, akatia sindano, akaitazama tena. Mtu anayeombea mlango ufunguke hutazama mlango. Huyu aliombea muda upite.

Mpiga picha alimsogelea akilalamika. Alikuwa bwana mdogo wa umbo, mwingi wa maneno, na alitaka kujua nani atamlipa kwa mchana wake ulioharibika. Alikuwa amewapiga wasafiri wote wa mzee picha za kibali cha kupanda barafuni, kazi nzuri, na sasa hata wateja waliomo humu hawezi kuwapiga kwa sababu koti lake limechukuliwa na fundi wa kujitolea.

“Namwomba, ananiambia bado kidogo. Bitana yenyewe ilikuwa imeachia nyuzi mbili tatu tu. Anashona kama anashona gunia.”

“Mzee mwenyewe ulimpiga?”

“Kiguu na Njia? Nilimpiga wa mwisho. Tena nilikuwa sijamaliza wakamwita dirishani, akaondoka mbio na koti langu mgongoni. Akalirudisha baadaye. Nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini yule alivyolivaa ungedhani amelinunua.”

Inspekta aliingia ofisini kwa meneja bila kubisha hodi, akasema anataka kuona video tena, na safari hii meneja asiguse kitu. Mzee akasimama dirishani. Akatia saini, akabusu, akaitia pasipoti mfukoni. Hapo ndipo meneja aliposimamisha mwanzo. Sasa picha iliendelea, na mzee akageuka kuondoka, na mgongo wake ukaielekea kamera. Kwenye koti, katikati ya mabega, kulikuwa na vibanio viwili vya kuanikia nguo.

Meneja aliuliza vile ni vitu gani. Inspekta alimweleza, kwa subira asiyokuwa nayo, kwamba koti la mpiga picha ni pana ili livaliwe na wote, na watu wembamba hubanwa nyuma ili mbele likae sawa. Mzee aliitia pasipoti mfuko wa kushoto, kama alivyosema. Koti ndilo halikuwa lake. Alilivua, akalitundika, akavaa la kwake, akasahau kwamba palikuwa na makoti mawili.

“Basi si wizi,” meneja alisema, na sauti yake ilikuwa na masikitiko.

“Si wizi wa mlinzi wako,” Inspekta alisema. “Yule binti wa mzee alikuwa dirisha la pili. Alikuja kuchukua nini?”

Meneja alibofya kompyuta yake. Ombi la binti lilikuwa limekataliwa, alisema, na majibu alipewa mchana uleule. Sababu ilikuwa ile ya kawaida, kwamba mwombaji hana mume, hana mtoto, hana ajira ya mwajiri mwingine, kwa hiyo hakuna kinachomfunga nyumbani na huenda asirudi.

Inspekta alichungulia ukumbini, na binti bado alikuwa anashona. Mtu amenyimwa viza, hana hata dakika ya kulia, anachukua sindano na kuwashonea koti walewale waliomnyima. Wema wa namna hiyo alikuwa hajawahi kukutana nao. Alimwagiza koplo akae na mzee amsikilize hadithi zake, kisha akamwita binti nyuma ya pazia, na koti.

Kona ya mpiga picha ilikuwa na kitambaa cheupe ukutani, kigoda, na nafasi ya watu wawili kusimama wakigusana. Inspekta alichukua mkasi mdogo wa kukatia picha, akamkabidhi.

“Fumua mfuko wa kushoto.”

Binti aliutazama mkasi. Halafu alifumua, kwa uangalifu, mshono mmoja mmoja, kama mtu ambaye hata sasa hakutaka kuharibu nguo. Pasipoti ilikuwa humo, imebanwa kati ya bitana na kitambaa ili isitikisike.

“Ulimwona akiitia,” Inspekta alisema.

“Nilimwona. Nilishafungua mdomo nimwambie, baba, hilo si koti lako. Halafu wakanipa bahasha yangu.” Alikaa kwenye kigoda. “Wameandika sina kinachonifunga nyumbani, Afande. Mimi.”

Akaeleza, na Inspekta hakumkatiza. Baba yake alianza kupotea mwaka juzi. Asubuhi ni yule yule, anakumbuka kila kamba na kila kambi. Jua likianza kushuka, anaondoka akilini taratibu, na usiku wakati mwingine humuuliza yeye ni nani. Safari zote za karibuni binti alikuwa anatembea hatua moja nyuma yake, akimnong’oneza njia. Safari iliyopita aliamka akakuta baba amekwisha kuwaongoza watu upande usio wenyewe wa mlima, akawakimbilia, akawageuza kabla hawajafika ukingoni mwa genge. Wasafiri walirudi nyumbani wakisimulia kwamba Kiguu na Njia anajua njia za siri. Alipoona bahasha, alijua kwamba jioni ile baba atapanda ndege bila yeye, na kesho yake atafunga watu kwenye kamba, na kutangulia.

“Ungewaambia.”

“Nimwambie nani? Nimvue nguo baba yangu mbele za watu? Hana kitu kingine yule. Nilidhani itasemwa imepotea tu, ndege iondoke, yaishe. Sikujua watamshika kijana.”

“Umemwona ameshikwa. Ukaendelea kushona.”

Binti aliokota uzi aliofumua, akauviringisha kidoleni. Inspekta alimwonea huruma, na akamkasirikia kwa kumfanya amwonee huruma.

“Nipe mpaka ndege iruke,” binti alisema. “Ikiruka, naenda mwenyewe pale kwenye benchi, hizo pingu nivae mimi. Nakuapia.”

“Ofisi zinafungwa kabla ndege haijaruka. Meneja ataandika jina la yule kijana, na jina likishaandikwa halifutiki.” Inspekta aliinua pasipoti. “Hii ni ya baba yako. Nikiipata, namrudishia mwenyewe. Hakuna sheria inayoniruhusu kumzuia mtu mzima asipande ndege kwa sababu anasahau. Mimi siwezi. Wewe unaweza.”

“Siwezi.”

“Mficha maradhi kifo humuumbua, dada. Na kule hakitamuumbua peke yake. Kesho asubuhi utakuja kituoni kuandika maelezo, hilo halina mjadala. Lakini hili la leo ni lako.”

Walitoka nyuma ya pazia. Inspekta alimwambia koplo amfungue mlinzi, na akasema kwa sauti ya kusikika na wote kwamba pasipoti imepatikana ndani ya koti la picha, ilitiwa humo kwa bahati mbaya na mwenyewe, ikashonewa humo na binti yake kwa makusudi, na mlinzi hakuhusika kwa lolote. Meneja alianza kusema kitu kuhusu taratibu. Inspekta alinyoosha kiganja mpaka kadi moja ya mlango ikawekwa juu yake, akampa mlinzi.

Mlinzi alisugua vifundo vya mikono. Binti alimwendea, akaanza kumwomba radhi.

“Nilikuwa nakutazama,” mlinzi alimwambia. “Muda wote umekaa pale unashona, nikawa najiambia, yule dada ana moyo mzuri.” Akageuka, akaenda kusimama mlangoni, na hakutaka kusikia zaidi.

Kiguu na Njia hakuwa amefuata maelezo yote. Alichokiona ni pasipoti mkononi mwa Inspekta, akaipokea kwa mikono miwili, akambariki yeye na watoto wake. Wasafiri wake walikuwa wameinuka, wanapiga makofi, wanavaa mabegi. Daktari wa meno aliuliza kama watawahi, na mwingine akajibu wakiondoka sasa hivi watawahi. Nao wakamtazama kiongozi wao. Kuhusu kushonwa kwa koti hawakuelewa, au hawakutaka kuelewa, kwa kuwa mlango ulikuwa karibu kufunguliwa na barafu ilikuwa inawangoja. Nje ya vioo jua lilikuwa limeanza kushuka nyuma ya majengo.

Inspekta alimtazama binti. Binti alikuwa ameshika kiti kwa mikono yote miwili. Kwa muda ilionekana kama hatasema, na Inspekta alikuwa anajiuliza atafanya nini na nafsi yake kesho kutwa akisikia habari kwenye redio.

“Baba,” binti alisema. “Kabla hatujatoka. Waambie wenzako tunakwenda wapi.”

Wasafiri walicheka, wakidhani ni namna ya kuaga. Wakamzunguka. Kiguu na Njia alinyoosha mgongo, akaipandisha sauti yake ile.

“Tunakwenda jangwani,” alisema. “Kila mtu achukue maji mara mbili ya anayodhani yanamtosha. Mchana tutalala, usiku tutatembea, mchanga ukishapoa. Msiogope ukimya. Siku ya kwanza unatisha, siku ya tatu hutataka kurudi.”

Alieleza vizuri, kwa ufasaha, mpaka visima na nyota za kufuata. Kicheko kilikufa kwa zamu, mmoja baada ya mwingine. Daktari wa meno alitazama pasipoti yake mwenyewe, akaitazama viza, kisha akamtazama binti, na binti akaitikia kwa kichwa. Alikuwa analia bila kujifuta. Mlinzi alipitisha kadi, mlango ukafunguka, hewa baridi ya ngazi ikaingia ukumbini. Hakuna aliyesogea.

“Mbona mmesimama?” mzee aliuliza.

Alizunguka uso kwa uso akitafuta jibu, akafika kwa binti yake, akasimama hapo.

“Nimekosea,” alisema kwa sauti ya chini.

“Ndiyo, baba.”

“Mbele yao?”

“Mbele yao.”

Kiguu na Njia aliketi. Aliifunga pasipoti, akampa binti aishike, akalivuta koti lake magotini na kulinyoosha kwa kiganja.

“Basi waambie waende nyumbani,” alisema, “kabla hawajaniuliza kingine.”